Muulize Pia Operesheni Asiyoifanya

Barua ya mwezi huu imetoka kwa mama mmoja wa Grand Prairie, pale katikati ya Dallas na Fort Worth. Ana miaka 44 na watoto watatu, na mwezi ujao ataondolewa titi la kulia kwa sababu ya saratani. Anaandika hivi: "Wadogo zangu wananiambia niende Houston, ndiko kwenye madaktari. Mume wangu ana wasiwasi kuwa bima haitalipa kwa sababu ni mambo ya urembo. Shangazi kule Mombasa anasema nishukuru uhai, titi la nini tena? Mimi nataka titi langu. Nitampataje daktari wa kunijengea jingine?"

Barua hii ningeweza kuiandika mimi miaka sita iliyopita. Nami naishi huku, Arlington, nami niliondolewa titi, la kushoto. Kwa hiyo leo nitajibu kwa kirefu, na nitajibu haraka, maana mwezi ujao si mbali.

Nianze na hofu ya mume, ndiyo nyepesi. Tangu mwaka 1998 kuna sheria ya nchi nzima ya Marekani inayosema kwamba bima inayolipia kuondoa titi kwa saratani lazima ilipie pia kulijenga upya, hatua zote. Lazima ilipie na operesheni ya titi la pili ili yafanane, titi bandia la kuvaa ndani ya sidiria, na matibabu ya madhara yanayofuata, pamoja na ule uvimbe wa mkono unaowapata baadhi yetu baada ya tezi za kwapani kutolewa. Fungu lako la gharama utalilipa kama unavyolilipa kwa operesheni nyingine yoyote, ila neno "urembo" halina nafasi hapo. Zipo bima chache zilizo nje ya sheria hiyo, kama baadhi ya zile za makanisa na za waajiri wa serikali, kwa hiyo piga simu uulize. Uliza kwa kutaja sheria ya 1998, usiulize kwa sauti ya kuomba msaada.

Sasa jambo lenye haraka. Mwone daktari wa kujenga titi kabla ya kuondolewa titi, hata kama unadhani utalijenga mwakani. Anayeondoa saratani na anayejenga ni madaktari wawili tofauti, na kazi ya wa kwanza humwekea wa pili mipaka: ngozi kiasi gani ibaki, mkato upite wapi, chuchu ibaki au itoke. Mara nyingine wote wawili huingia chumba kimoja siku moja, mmoja akimaliza mwingine anaanza. Mwambie daktari wako wa saratani leo hii akuandikie rufaa. Kama ratiba ya kuondoa titi haiwezi kusubiri, isisubirishwe. Kujenga kunaweza kufanyika hata miaka baadaye, na sheria ile haikuweka kikomo cha muda.

Hapo ndipo linapokuja swali lako lenyewe, la kumpata daktari.

Daktari wa kwanza niliyemwona mimi simtaji, wala hospitali yake. Alikuwa mpole, ofisi nzuri, picha za maua ukutani. Kwa dakika ishirini alinieleza habari za mfuko wa silikoni: kwanza utawekwa mfuko mtupu chini ya ngozi, utajazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kila wiki moja au mbili hadi ngozi itanuke, kisha utatolewa na kuwekwa wa kudumu. Akanipa tarehe. Nilitoka pale nikijua kwamba kujenga titi ni silikoni, basi. Ni muuguzi wa saratani, wakati ananitoa damu, aliyeniuliza, "Na lile la kutumia nyama ya tumbo lako mwenyewe, hukulitaka?" Sikuwa nimelisikia.

Yule daktari hakunidanganya. Alinieleza anachokifanya. Na hili ndilo nataka ulibebe, dada yangu: daktari unayekaa mbele yake ndiye anayeamua operesheni utakayopewa, kwa sababu atakupa ile anayoijua. Ukienda kwa fundi wa suti hutatoka na kanzu. Kwa hiyo zijue kwanza njia zote, ndipo umtafute mtu.

Njia ya kwanza ni hiyo ya silikoni, au mfuko wa maji ya chumvi. Operesheni yenyewe ni fupi, unarudi nyumbani mapema, na hakuna kidonda kingine mwilini. Lakini mfuko si wa maisha. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inasema hivyo waziwazi, na inashauri mwenye silikoni apigwe picha ya MRI au ya ultrasaundi miaka mitano au sita baada ya kuwekewa, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, kuangalia kama haujapasuka. Na kama utapigwa mionzi, hatari ya mfuko kukazwa na kovu, kuuma au kuambukizwa inapanda. Uliza kuhusu mionzi kabla hujauliza ukubwa.

Ya pili ni kutumia mwili wako. Inayosemwa zaidi siku hizi inaitwa kwa herufi zake, DIEP, na wenyewe huitamka "diipu". Wanachukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu pamoja na mishipa yake midogo ya damu, wanaacha misuli ya tumbo mahali pake, kisha wanaishona mishipa hiyo na ya kifuani kwa darubini. Titi linakuwa la joto, linanenepa na kukonda pamoja nawe. Gharama yake ni operesheni ya saa nyingi, siku kadhaa hospitalini, kovu refu tumboni na wiki sita hivi au zaidi kabla hujabeba mtoto au ndoo. Ndugu yake wa zamani, TRAM, huchukua na misuli, ndiyo maana tumbo hubaki dhaifu zaidi. Ipo pia ya kutumia msuli na ngozi ya mgongoni. Walio wembamba mara nyingine huchukuliwa nyama ya paja.

Ya tatu ni kutojenga, na kufungwa kifua kikawa bapa vizuri, bila mikunjo ya ngozi iliyoachwa "endapo utabadili mawazo". Hii nayo ni kazi ya kitaalamu na ina jina lake rasmi katika kamusi ya Taasisi ya Taifa ya Saratani tangu 2020. Rafiki yangu wa Houston aliichagua, na hajawahi kuieleza kwa mtu kama upungufu.

Huko Houston nitakuja. Kwanza mkasa wake mmoja, kwa kuwa wengi wanaoupigia mji huo debe hawaujui. Mfuko wa silikoni wa kwanza duniani kuwekwa kifuani mwa mwanamke uliwekwa Houston, mwaka 1962, katika hospitali ya maskini iliyoitwa Jefferson Davis, na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Mwanamke mwenyewe, Timmie Jean Lindsey, mama wa watoto sita, alikuwa hana saratani wala hakwenda kuomba matiti. Alikwenda kuondolewa tatuu kifuani. Walimwuliza kama angependa kujaribu. Baadaye mifuko hiyo ilienea dunia nzima. Mwaka 2019 aina moja yenye uso wa kukwaruza ya kampuni ya Allergan iliondolewa sokoni kwa kuhusishwa na saratani adimu ya mfumo wa limfu, na mwaka 2021 FDA ikaagiza kila anayetaka kuwekewa apewe kwanza karatasi ya kupitia hatari moja moja na daktari, naye aitie sahihi. Karatasi hiyo ukipewa dakika tano kabla ya kuvuliwa nguo, mwambie unaenda kuisoma nyumbani.

Sasa kumchuja daktari. Leseni ya udaktari peke yake haitoshi, maana mwenye leseni yoyote anaweza kuandika mlangoni kwamba anafanya upasuaji wa urembo. Unayemtaka amethibitishwa na bodi ya upasuaji wa kurekebisha maumbile, kwa jina lake American Board of Plastic Surgery. Yapo majina ya bodi nyingine yanayofanana nalo, kwa hiyo soma herufi zote. Kisha lifungue jina lake kwenye tovuti ya Texas Medical Board uone kama aliwahi kuadhibiwa. Ni bure, dakika mbili.

Ukishakaa naye, mambo ya maana ni machache. Je, anafanya DIEP yeye mwenyewe, na mwaka jana alifanya ngapi? Hii si operesheni ya kufanywa mara moja moja. Nani anashika darubini pamoja naye? Wengi wazuri hufanya kazi wawili wawili. Usiku ule wa kwanza nani analiangalia titi, na kila baada ya muda gani? Jibu unalotaka ni muuguzi aliyezoea, kila saa, kwa sababu mshipa ukiziba kuna saa chache tu za kurudi chumba cha upasuaji na kuliokoa. Mara ngapi imembidi kurudi? Anayesema hajawahi kabisa, ama amefanya chache ama hahesabu.

Na lile swali langu: "Ni operesheni gani hufanyi, na ukimpata anayeihitaji humpeleka kwa nani?" Nimewaona madaktari wakinyamaza kidogo hapo. Aliye mkweli anakupa jina.

Sisi tuna maswali yetu ya ziada. Ngozi zetu nyingi huota makovu manene, keloidi. Onyesha kovu lako la chanjo au la sikio, useme mapema. Omba picha za wagonjwa wake wenye ngozi kama yako, miezi kadhaa baada ya operesheni. Si mmoja aliyechaguliwa, wengi. Kama albamu nzima ni ya wanawake wazungu, si kosa la jinai, lakini uliza lini mara ya mwisho alimfanyia mwanamke mweusi na kovu lilikuaje. Chuchu ikija kuchorwa kwa tatuu, rangi ya kahawia iliyokolea inataka mchoraji aliyeizoea, la sivyo utapewa ya waridi. Na kwa tuliojifungua kwa kisu: kovu la uzazi mara nyingi halizuii kutumia tumbo. Watakupiga picha ya mishipa kwa CT kuhakikisha. Kama uliwahi kukatwa tumbo kwa ajili ya kulipunguza, hapo ndipo njia ya tumbo hufungwa.

Haya, Houston au hapa? Wadogo zako hawajakosea. MD Anderson ni miongoni mwa hospitali kubwa za saratani duniani, ilianzishwa 1941, na idara yake ya kujenga upya viungo ni kubwa. Lakini Dallas nako kuna UT Southwestern, ambako operesheni hizi za darubini hufanywa pia, na si huko tu. Kutoka Grand Prairie hadi Houston ni kama maili 250, saa nne ukibahatika na barabara ya 45. Hesabu safari hizo. Ukichagua mfuko wa kujazwa, utaenda kila wiki moja au mbili kwa miezi. Ukichagua DIEP safari ni chache zaidi, lakini utarudi na mirija ya kutoa majimaji imening'inia ubavuni, na ikitokea homa usiku wa manane daktari wako yuko mji mwingine. Mwenzangu wa Fort Worth alifanyiwa Houston, akarudi na mto kati ya kifua na mkanda wa gari, dada yake akisimamisha gari kila saa. Wakipumzika Buc-ee's ya Madisonville, anamwaga mirija chooni na kuandika mililita kwenye risiti ya mafuta. Hajuti. Alikuwa na mionzi ya zamani na mishipa migumu, na aliyempata kule alizoea kesi kama yake.

Mimi nilikwenda Houston kwa ushauri tu. Daktari yule, mwanamke, alinipima, akaangalia picha, akaniambia kesi yangu si ngumu, kuna timu dakika arobaini kutoka kwangu inayofanya jambo hilihili kila wiki. Akaniandikia jina. Ndiko nilikofanyiwa. Ushauri wangu basi: kama bima inakubali, Houston kachukue maoni, na kama kesi ni ya kawaida fanyiwa pale ambapo mtu wako anaweza kukuletea uji. Uliza kama ziara za katikati zinaweza kuwa za video. Miji hii iko jimbo moja, leseni si kikwazo.

Kuhusu bima yenyewe, "hospitali iko kwenye mtandao wa bima" haimaanishi daktari yuko. Uliza majina mawili, la hospitali na la kila daktari atakayekushika. Tangu Januari 2022 kuna sheria ya kukukinga na bili za kushtukiza, mfano ya mtu wa usingizi asiye kwenye mtandao. Lakini daktari wa upasuaji aliye nje ya mtandao anaweza kukupa karatasi ya kuikataa kinga hiyo kwa hiari yako. Isome kabla ya kalamu kugusa. Na kama katika mtandao wako hakuna anayefanya DIEP, omba kwa maandishi bima imkubali aliye nje kwa bei ya ndani. Wana utaratibu wa hilo, hawautangazi tu. Wakikujibu kwamba DIEP haitambuliki tena peke yake, waambie msimbo wake, S2068, ulitaka kufutwa, wanawake wakapiga kelele, na Agosti 2023 serikali ikatangaza unabaki.

Asiye na bima asikate tamaa mapema. Madaktari wa UT Southwestern ndio wanaofanya kazi Parkland, hospitali ya umma ya Dallas, na wa Baylor ndio walioko Ben Taub kule Houston. Tarrant wana JPS. Kila moja ina mpango wa wakazi wa kaunti yake wenye kipato kidogo. Texas ina pia Medicaid maalumu kwa wanawake walio chini ya miaka 65 waliokutwa na saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi na hawana bima. Masharti ya kipato na ya uraia au hadhi ya uhamiaji yapo, na huombwa kupitia kliniki zilizo kwenye mpango wa jimbo wa uchunguzi wa saratani hizo. Wanafunzi: bima ya chuo inayouzwa na kampuni ya Marekani kwa kawaida inaingia katika sheria ya 1998. Bima ya msafiri uliyokatiwa nyumbani mara nyingi haimo.

Kwa mama zetu kutoka Kongo walioko Fort Worth na Houston, na yeyote ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni: hospitali inayopokea fedha za serikali inatakiwa kukupa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, hata kwa simu. Dai. Usimtumie binti wa miaka 13 kutafsiri habari za titi la mama yake. Nimeona mtoto akiruka neno "kifo" katikati ya sentensi ya daktari, na mama akatia sahihi. Unaweza pia kuomba mwanamke awepo chumbani wakati wa kupimwa na kupigwa picha, na picha zisionyeshe uso.

Kazi: mwajiri mwenye watu 50 au zaidi anapaswa kukupa hadi wiki 12 za likizo bila mshahara ukiwa umefanya kazi mwaka mzima na saa 1,250. Mumeo anastahili hiyo pia ili akuuguze, na binti yako aliyeajiriwa. Dada yako hastahili, sheria haimtambui, ijapokuwa kwetu ndiye anayekuja. Kwa hiyo mpangie mapema siku zake za likizo ya kawaida, siku zile za mwanzo ambapo huwezi kuinua mkono kuchana nywele.

Na shangazi wa Mombasa? Mtumie salamu zangu. Mama yangu mzazi alisema hayohayo, neno kwa neno. Sikubishana naye. Nilimwambia kwamba uhai nimeushukuru, na sasa ninatafuta daktari. Alikaa kimya kwenye simu, kisha akauliza kama huko hospitali wanaruhusu mtu kuvaa kanga. Wanaruhusu, dada. Chukua mbili, za kufungwa mbele, kwa sababu ya mirija.